Mbavu za Mzee Boay

Jumamosi iliyopita tulimzika Sajenti Tluway kwao, huko juu Mbulu, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Nilipewa kazi ya kugawa chai, nikafurahi, maana mtu mwenye birika mkononi haulizwi kwa nini macho yake ni mekundu. Moshi wa jikoni unamjibia. Kijana mmoja wa ukoo akasimama kusoma historia ya marehemu: alizaliwa, alisoma, alijiunga na polisi, alipanda cheo, alistaafu. Kituo tulichofanya naye kazi kilipata nusu ya mstari. Nikabaki nimesimama na birika langu, nikasema moyoni, yaani mwaka ule wote ndio umeishia hapo. Ndiyo maana naandika. Sina elimu kubwa, cheti changu cha kidato cha nne mpaka leo sijakitundika ukutani, lakini mwaka ule niliuishi mimi, na yupo mtu mmoja ambaye hadi juzi sikuwa nimemwambia ukweli wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, askari mpya, nimetoka mkoa wa mbali ambako watu hawajui baridi. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara ya vumbi iendayo Basotu. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya watu wenye shida, na benchi moja refu. Cha pili kilikuwa ofisi ya Afande Tluway, iliyonuka makande na rangi ya viatu. Cha tatu kilikuwa mahabusu, ila mara nyingi tulihifadhi humo gunia la mahindi yetu, kwa sababu wahalifu walikuwa wachache, panya walikuwa wengi, na mlango ule ndio pekee uliofungika vizuri. Mimi nilikuwa nimeota kuwa nesi tangu nikiwa mdogo. Masomo ya sayansi yakanikataa, polisi wakanikubali, basi nikavaa magwanda huku moyoni bado nimevaa gauni jeupe. Afande alinigundua mapema. Siku moja alinikuta namfunga mlevi kidonda cha goti kwa leso yangu mwenyewe, akaniambia kwamba nikiendelea hivyo watu wataanza kufanya makosa kwa makusudi ili waletwe kwangu.

Sasa, wasiojua maisha ya huko watashangaa, lakini majeruhi wa kwetu alikuwa hapelekwi zahanati kwanza. Alikuwa anapelekwa polisi. Ipo ile fomu, PF3, ambayo aliyeumia huchukua kwetu aende nayo kutibiwa, na wananchi walishaamini kabisa kwamba bila karatasi hiyo nesi hatakugusa hata kama utumbo uko nje. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili. Watu walikuwa wakipita getini kwake wamembeba mgonjwa, wanakuja kwangu, wananiamkia, wanasubiri niandike. Kwa hiyo daktari wa kwanza wa kijiji kizima alikuwa mimi, na dawa yangu ilikuwa kalamu.

Wakati wa mavuno ya ngano aliletwa fundi mmoja wa mashine, amebanwa katikati ya dereva wa bodaboda na kaka yake, mkono umefungwa kwa shati ambalo rangi yake ya mwanzo haikujulikana tena. Nikawapa pole kwa adabu. Nikauliza jina, umri, kijiji, ameumia wapi, ameumizwa na nani. Mwandiko wangu ni mzuri, mwalimu wangu wa darasa la tano aliusifia, na siku ile niliandika vizuri kuliko siku zote. Afande alikuwa mlangoni kwake ananikumbusha nisisahau kuandika kama ni mkono wa kulia au wa kushoto. Damu ikaanza kudondoka juu ya kaunta. Naandika hili kwa aibu: niliisogeza fomu pembeni ili isichafuke.

Aliyetuokoa ni Sista Mwanaidi, nesi wa zahanati, mama mfupi wa Kondoa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa ameona ile bodaboda ikipita getini kwake. Aliingia bila salamu, akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akaikandamiza kwenye ule mkono kwa viganja vyote viwili, akauinua juu, ndipo akanitazama.

"Anitha, fomu haina mishipa. Huyu anayo."

Afande akasema utaratibu ni utaratibu. Sista akamjibu, huku bado amekandamiza, kwamba mtu aliye hatarini hutibiwa kwanza na karatasi hufuata baadaye, na kama Afande anapenda utaratibu, Jumamosi atakuja kumletea mwingine. Yule fundi alipona, ila vidole viwili havikukunjika tena. Kila niliponunua sukari dukani nikamkuta, alinisalimia kwa mkono huo huo, kwa furaha, na mimi nilikuwa nikiupokea kwa mikono yote miwili.

Jumamosi Sista alikuja kweli. Alibeba gunia lililojazwa pumba za ngano, na katikati ya pumba, mahali pa kifua, alikuwa ametia mpira wa ndani wa tairi la pikipiki uliojazwa upepo nusu, ili ukibonyeza urudi juu kama kifua cha mtu. Kichwa kilikuwa kibuyu. Afande akalitazama gunia lile limelazwa kwenye sakafu ya kituo chake, akalipigia saluti, akalipa jina la Marehemu. Tangu hapo likaitwa hivyo, na likakaa mahabusu pamoja na mahindi. Jumamosi nyingi tulikaa sakafuni na Sista. Alitufundisha kukandamiza panapovuja damu bila kufunua-funua kuchungulia, kutomvuta mikono mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori, na kumlaza ubavu mlevi anayetapika. Hapo mimi na mwenzangu wa doria tulitazamana, tukawakumbuka wote tuliowahi kuwalaza chali, tukaona kweli Mungu wa walevi hasinzii.

Kisha ikaja habari ya kifua. Mtu akianguka, mwite, mtikise mabega. Haitiki, hapumui, au anavuta pumzi ya kukoroma moja moja? Tuma mtu akaite msaada, piga magoti, kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko visikunjwe, bonyeza kwa nguvu, mbili kwa kila sekunde, kiache kifua kirudi, usimame pale tu msaada ukifika. Ukichoka, mpishe mwenzako. Nilibonyeza Marehemu mpaka pumba zikatoka mishononi. Nikauliza, je, nikimvunja mtu? Sista hakunificha. Akasema mara nyingine mbavu hulia, na zikilia usiache, maana mbavu huunga lakini moyo uliosimama haujiungi wenyewe. Afande alikataa katakata kushiriki. Alisema amebakiza mwaka na kitu astaafu, hataki kukumbukwa kama mzee aliyekuwa akikumbatia gunia. Alikaa mlangoni, ametupa mgongo, anakula makande yake kwenye bakuli la bati. Lakini mimi nilikuwa upande wa kumwona, na niliona kwamba Sista akihesabu, kijiko cha Afande kinasimama hewani, na midomo yake inafika thelathini pamoja nasi.

Mzee Boay alikuja mwezi wa kumi na moja, asubuhi, watu wakiwa wanangoja mvua ili walime. Alikuwa mkulima wa Dirma, mrefu, koti zito na shuka begani, amepotelewa na maksai wake wawili wa kulimia, na alikuwa ametembea tangu alfajiri kuwafuata. Nilimwamkia, akaitika vizuri, akaniuliza kama nimekula. Nikafungua kitabu. Benchini walikuwepo akina mama wawili na kijana mmoja waliokuja na kesi ya mpaka wa shamba. Mzee akanieleza maksai wa kwanza, mwekundu, ana baka jeupe tumboni. Wa pili, akasema, ni mweusi, na pembe yake moja. Akainua mkono ili anionyeshe pembe hiyo ilivyopinda. Mkono ulibaki juu kidogo, kama wa mtu anayetafuta neno, halafu akaanguka.

Nilimwita. Nikamtikisa. Akavuta pumzi moja ya kukoroma, kisha kimya. Nikamtuma yule kijana akimbie zahanati, nikapiga magoti. Sikufikiri kitu, nasema kweli, mikono ndiyo iliyokuwa inajua. Kwenye bonyezo kama la kumi nikasikia chini ya kiganja changu mlio wa bua kavu la mahindi likikanyagwa, halafu mwingine. Mwili wangu wote ukataka kuondoka. Nikamsikia Sista kichwani, nikaendelea. Viatu vya Afande vikatokea pembeni yangu, na nilijua ataniuliza nani kaniruhusu. Yeye akavua kofia, akaiweka juu ya kaunta, akapiga magoti kwa kuguna.

"Uko ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Endelea. Ukichoka, nipishe."

Tulipishana hivyo, mimi na yeye. Kijana akarudi mbio kusema Sista amekwenda vijiji vya mbali kuchanja watoto, amepigiwa simu, anakuja. Gari hakuna. Dirishani watu walikuwa wamejaa mpaka chumba kikawa giza, na tuliwasikia wakiulizana mzee wa watu anafanywa nini. Jasho la Afande lilikuwa likidondoka kwenye shuka la mzee. Dakika kama arobaini zilipita, labda zaidi. Sista alipoingia na vumbi lake, alipiga magoti, akaweka vidole shingoni kwa mzee, akakaa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Halafu akaushika mkono wa Afande uliokuwa bado unabonyeza, akasema basi, Afande, basi.

Ukitaka kujua jambo lilivyoonekana kwa waliokuwa nje, lipange tu: mzee ameingia polisi kwa miguu yake, anaulizia ng'ombe, ametoka amefunikwa shuka. Akina mama wa benchini walieleza walichokiona, na walichokiona kilikuwa kweli, askari wawili juu ya kifua cha mzee. Waliomwosha wakapapasa mbavu, wakaambiana. Chumba nilichopanga kilikuwa nyuma ya duka, ukuta wa mbao, na jioni ile nilikuwa napika uji nikamsikia mwenye duka akimuuliza mteja kama ni kweli yule binti mpole ndiye alimkalia mzee kifuani. Mteja akasema wapole ndio wabaya. Nikazima jiko. Wakubwa walikuja kutoka wilayani, wakatuhoji mmoja mmoja, daktari akaandika kwamba ni moyo na kwamba mbavu ziliumia katika kumsaidia. Karatasi ikasafisha jina letu kwenye faili. Dirma hakuna aliyeomba kusoma faili.

Afande ndiye aliyeamua twende msibani kabla ya kuzika. Tulivaa nguo za nyumbani, mimi kitenge na sweta, yeye koti la kanisani, na Sista akaja na pikipiki ya zahanati, Marehemu amefungwa nyuma kwa kamba. Tuliingia uani. Mtoto mkubwa wa mzee akasema baba yake alikuja kwetu na miguu yake. Akakaa. Afande akazungumza kwa Kiiraqw, kirefu, kofia mapajani, na mimi sikuelewa hata neno isipokuwa jina langu. Mjane alikuwa ameketi kwenye ngozi, mama mwembamba, Veronika. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili neno moja tu: onyesha. Nikalilaza gunia mbele yake, nikapiga magoti, nikaanza kubonyeza. Nilidhani ataniambia niache baada ya muda mfupi. Hakuniambia. Watu walisogea karibu, mtoto akacheka akapigwa kofi, mikono yangu ikaanza kuwaka, na mama yule akawa anaangalia tu, mpaka akauliza kama kweli tulifanya vile muda wote hadi nesi akafika. Sista akasema ndiyo. Mama akasema basi, nipumzike.

Nikakaa. Ndipo yule mtoto mkubwa wa mzee akauliza.

"Na mbavu? Nani alizivunja?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Afande alikuwa mwepesi kuliko mimi, na alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Mbavu nilivunja mimi. Mkono wangu ni mzito. Huyu binti alikuwa ananiambia nipunguze."

Nikaufunga mdomo wangu. Nilikuwa mchanga, nilikuwa mgeni, nilikuwa na ndoto zangu zote bado ziko mbele yangu, na uongo ule ulikuwa wa joto kama blanketi. Mzee alizikwa kwa amani. Wazee wa ukoo walisema hawana kesi. Mimi nilirudi nikalala usingizi mzuri, na hilo ndilo linalonisuta zaidi.

Wasioishi kule hawataelewa adhabu aliyopewa Afande, maana haikuandikwa mahali. Mtoto wa kule akimpita mkubwa bila shikamoo, mtu yeyote aliye karibu anamrudisha kwa sikio. Tangu wiki ile watoto walianza kumpita Afande kimya, na mama zao hawakuwarudisha. Vijana mashineni, wasichana kisimani, watu wa mnadani Basotu, wote. Mimi nilikuwa nikitembea pembeni yake, wananiuliza habari za asubuhi dada, yeye wanamruka kama kisiki. Nilikuwa namwona midomo inajiandaa kwa "marahaba", halafu inarudi taratibu. Alifanya utani, akasema sasa anatunza mate. Miezi ikapita hivyo. Siku moja tulikuwa ofisini tunakula ugali na samaki wa ziwani, nikamwambia nimeshindwa, kesho naenda Dirma kusema kilichotokea. Akanichambulia mwiba kutoka kwenye kipande changu kana kwamba mimi ni mtoto.

"Tulibonyeza wawili, Anitha. Kula samaki."

"Lakini zilinilia mimi, Afande."

"Kula samaki."

Nikala. Yeye akastaafu, akarudi kwao Mbulu, mimi nikahamishwa kituo hadi kituo. Tangu hapo nimepiga magoti mbele ya vifua vinne. Mmoja aliamka, mwalimu aliyepigwa na radi kule Gitting, na siku ile nilipompigia Afande simu kumweleza, aliniuliza kama nilimwandikia fomu. Tukacheka sana. Sikumwambia kwamba bado nilikuwa na deni Dirma. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na tukaendelea kucheka.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya mazishi, sikuelekea kazini moja kwa moja. Nilipitia Dirma. Nilimkuta Bibi Veronika uani, amezeeka, ameketi kwenye turubai na rundo la mahindi. Nikamwamkia. Akaitika, akaniangalia kidogo, akasema mimi ni yule wa gunia. Habari za msiba zilikuwa zimeshamfikia. Nikakaa mbele yake na nikasema bila kuzunguka, kwa sababu nilijua nikizunguka nitatafuta njia ya kutokea.

"Bibi, mbavu za mzee hakuzivunja Afande. Nilizivunja mimi. Nilizisikia."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye turubai, tap, tap.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Siku ile mwanangu alipouliza mbavu, yule mzee wako alimtazama machoni. Wewe ulificha mikono kwenye sweta."

Akanieleza kwamba Afande alirudi pale peke yake wiki iliyofuata, na yeye Bibi akamwambia hilo hilo alilonieleza mimi. Alimwambia yuko tayari kuwaita wanawe na majirani alisahihishe. Afande akamwomba aache. Alisema watu waliofiwa lazima wapate wa kumkasirikia, na yeye anaondoka. Yule binti akichukiwa sasa, alisema, siku nyingine mtu akianguka mbele yake ataogopa kumgusa.

"Nikamwambia wewe mzee ni mjinga," Bibi Veronika akasema. "Akakubali. Nikampa maziwa, akanywa, akaenda."

Nililia kwa sauti, mbele ya kuku, mtu mzima mwenye cheo. Bibi hakunibembeleza. Alinisubiri, na nilipotulia akachagua hindi moja kwenye rundo, nene, akalitupa mapajani kwangu, akayaangalia mawingu yaliyokuwa yanashuka mlima Hanang.

"Haya, toa mikono," akasema. "Tupukuchue kabla mvua haijafika."